Ghuba ya Mnazi kwa siku moja kutokea Mtwara mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wa Dar, Masasi, Songea na hata majirani zetu wa Lindi hutuuliza namna ya kwenda Msimbati na kurudi siku hiyohiyo. Karibu wote huanza na gari na bei. Sisi tungeanza na mwezi wa angani, na ukisoma mpaka suala la maji utaona kwa nini.

Hifadhi yenyewe ni ipi?

Jina kamili ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilitangazwa mwaka 2000, ikawa ya pili nchini baada ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ya mwaka 1995. Ina kilomita za mraba 650. Sehemu kubwa ni bahari. Iliyobaki ni visiwa, mikoko na nchi kavu mpaka kwenye mdomo wa Ruvuma, mpakani na Msumbiji.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitegemei ni kwamba ndani ya hifadhi wanaishi watu. Msimbati, Ruvula na vijiji vingine vilikuwepo kabla ya tangazo lolote la Serikali, na sheria inayosimamia hifadhi za bahari, Namba 29 ya mwaka 1994, haikukusudia kuwahamisha. Wanavua, wanalima korosho na minazi, wanaozesha. Kwa hiyo unapoingia hifadhini unaingia pia kwenye vijiji vya watu.

Nimeambiwa kuna maji ya moto yanayoruka kutoka ardhini. Ni kweli?

Si kweli. Swali hili linarudi mara nyingi kiasi kwamba tunashuku kuna mtu ameliandika mahali fulani.

Ili maji yaruke kutoka ardhini yanahitaji mwamba wenye joto kali karibu na uso wa nchi, maji ya kutosha, na mianya myembamba inayoyabana mpaka yachemke na kulipuka. Hali hiyo utaikuta kwenye Bonde la Ufa: Ziwa Bogoria nchini Kenya ndiko maji yanakoruka kweli. Kwa Tanzania kuna chemchemi za moto zinazobubujika bila kuruka, kwa mfano upande wa Ziwa Manyara na karibu na Ziwa Tagalala katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Chini ya Mtwara kuna kitu kingine kabisa: tabaka nene za mchanga na tope, sehemu kubwa likiwa limeletwa na mito kwa mamilioni ya miaka, na ndani yake gesi asilia. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na ukielekea Msimbati utapita Madimba, kilipo kiwanda cha kuichakata kabla ya kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Pengine uvumi wa maji yanayochemka umeanzia hapo. Kiwanda ni cha kupita tu. Usisimame kupiga picha.

Basi hakuna chochote kinachoruka?

Kipo, ila kiko baharini. Kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi nyangumi wenye nundu hupita mbele ya ghuba yetu. Wanatoka kwenye bahari baridi za kusini, wanakolisha miili yao, wanakuja kwenye maji ya uvuguvugu kuzaa na kupandana. Jike hula kidogo sana au hali kabisa kwa muda wote anaokuwa huku, huku akimnyonyesha mtoto.

Ule mnara mweupe unaouona kwa mbali ni pumzi. Nyangumi anavuta hewa kama sisi, na akiibuka huitoa kwa nguvu kupitia matundu yaliyo juu ya kichwa. Mvuke wake hugeuka ukungu unaopanda mita kadhaa. Ukishaona mmoja, usiondoe macho hapo: kwa kawaida atapumua tena mara chache kabla ya kuzama kwa dakika nyingi.

Usimwambie nahodha awafukuze. Mama akiwa na mtoto, boti ikae mbali, mashine ipunguzwe, na asikatizwe njia. Mara nyingi wakiachwa husogea wenyewe. Wakati mwingine hawasogei, na mtu aliyelipia boti akitarajia nyangumi kwa lazima atarudi amenuna. Hatuuzi uhakika huo.

Nitaona wanyama gani wengine?

Mdomoni mwa Ruvuma wapo viboko na mamba. Kasa wanataga kwenye fukwe zetu, wa kijani na ng'amba. Kati ya Oktoba na Machi matope ya mikoko hujaa ndege wahamiaji waliokimbia baridi ya kaskazini. Pomboo huonekana mara kwa mara.

Simba na tembo usiwatafute huku. Hao waendee Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, lakini hiyo si safari ya siku moja kutokea Mtwara mjini, hata dereva wako aape namna gani.

Utajiri wa hapa uko chini ya maji. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hugonga bara la Afrika karibu na eneo hili, kisha hugawanyika, tawi moja likienda kaskazini kwenda Dar, Zanzibar na Kenya, jingine kusini kwenda Msumbiji. Mayai na vichanga vya samaki na matumbawe hubebwa na maji hayo. Ndiyo maana zaidi ya spishi 250 za matumbawe zimehesabiwa hapa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua mengi, na uvuvi wa baruti ukavunja mengine. Kuna sehemu utaogelea juu ya kifusi na sehemu utaogelea juu ya bustani, wakati mwingine ndani ya robo saa moja.

Niende siku gani?

Hapa ndipo safari inapofana au kuharibika. Wengi huchagua Jumamosi, wanafika saa sita mchana, wanakuta bahari imekwenda zake na boti imelala kwenye mchanga, wanaanza kulaumu watu. Chagua siku kwa maji.

Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani huhitaji programu ya simu:

Mwezi 1 mpaka 3 na mwezi 15 mpaka 17, yaani tarehe za mwezi wa Kiislamu, ni bamvua. Maji huwa makavu kabisa kati ya saa nne na saa sita hivi mchana, na hujaa tena kuanzia saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukifika mwezi 7 au 8, na 22 au 23, mambo yamegeuka: maji yamejaa asubuhi saa tatu au nne, na yanapwa alasiri.

Sasa amua unataka nini. Kutembea juu ya mwamba na kuona viti vya pweza, kaa, majongoo bahari na kina mama wanaochokoa pweza kunahitaji bamvua. Kuogelea kwa miwani na mrija kunapendeza zaidi siku za maji mafu, kwa sababu mkondo hauna nguvu na maji huwa maangavu. Kuingia kwenye mikoko na mdomo wa mto kunataka maji yanayojaa, ili boti ikikwama yenyewe ielee. Anayekwambia yote yanawezekana kwa siku moja anataka pesa yako.

Sisi tukiachiwa kuchagua, tungechukua mwezi 4 au 18: bamvua inalegea, maji ni makavu karibu na saa saba mchana, asubuhi unapata boti na mchana unapata mwamba.

Na upepo?

Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, kaskazi kuanzia Novemba mpaka Machi. Kusi likikaza kati ya Juni na Agosti bahari ya nje huchafuka mchana, kwa hiyo wanaofuata nyangumi watoke alfajiri. Oktoba mpaka Novemba mwanzoni bahari hutulia, nyangumi wa mwisho bado wapo, na mabibo yameanza kuiva. Kama una mwezi mmoja wa kuchagua, chagua huo.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Machi na Aprili fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na hapa. Tangu hapo hakuna nahodha mwenye akili anayebishana na tahadhari.

Nafikaje Msimbati?

Kutoka Mtwara mjini ni kilomita 40 na ushei, kupitia Madimba. Jipe saa moja na nusu kwa gari, zaidi kama mvua imenyesha. Magari ya abiria yapo, lakini ya kurudi huisha mapema. Muulize kondakta saa ya gari la mwisho kabla hujashuka, na usikubali jibu la "yapo tu". Kundi la watu watano au sita likikodi gari dogo la abiria linapata nafuu na halifukuzani na saa. Bodaboda inafika, ila mgongo utakudai.

Kutoka Msimbati kwenda Ruvula ni mchanga mtupu. Zamani magari yalikuwa yanapita ufukweni maji yakipwa, na bado wapo wanaojaribu. Tunakushauri usifanye hivyo. Kwanza, ukiingia saa nne siku ya bamvua, saa kumi barabara yako iko chini ya maji. Pili, kasa hufukia mayai juu kidogo ya mstari wa maji, na gurudumu halina huruma. Pita njia ya juu kwa gari lenye nguvu ya magurudumu manne, au acha gari kijijini utembee.

Kiingilio kikoje?

Mtanzania hulipa kwa shilingi na pungufu sana kuliko mgeni wa nje, akionyesha kitambulisho. Malipo ni kwa namba ya malipo ya Serikali, kupitia simu au benki. Usimkabidhi mtu noti ufukweni. Viwango hubadilika, hivyo hatuviandiki hapa. Ofisi ya hifadhi itakupa vya sasa. Boti ni mapatano tofauti. Patana kabla ya kupanda: muda, mahali pa kufika, na kama mafuta yamo ndani ya bei.

Boti au mtumbwi?

Kwenye ghuba, siku tulivu, ngalawa ni raha na inasaidia mvuvi kupata riziki nyingine. Kwenda mdomo wa Ruvuma, boti yenye mashine tu. Kiboko hatangazi anapoibukia, na mtumbwi mwembamba si kitu kwake. Koti la kuokolea livaliwe. Lisilaliwe kama mto.

Nahodha awe mtu wa huko. Mafungu ya mchanga ya mdomo wa Ruvuma huhama, na mlango wa mwaka jana unaweza kuwa umeziba. Tabia hiyo ni ya siku nyingi: mwaka 1866 Livingstone alitaka kuanzia safari yake hapo hapo, akashindwa kupata njia kwenye mikoko kwa ajili ya wanyama wake wa mizigo, akageuka kwenda kuteremka Mikindani.

Kwa kuwa mpaka uko karibu, naweza kuvuka Msumbiji kidogo kupiga picha?

Hapana. Cabo Delgado, mkoa ulio ng'ambo, una machafuko tangu Oktoba 2017, na upande wetu kijiji cha Kitaya kilishambuliwa mwaka 2020. Vyombo vya ulinzi vipo njiani na kwenye mto, na wana haki ya kukuuliza unakwenda wapi. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, jibu kwa heshima, usiwapige picha. Kabla ya kupanga kwenda mtoni ulizia hali ofisini siku moja kabla. Msimbati na Ruvula ni jambo jepesi zaidi. Mtoni ndiko kwa kuulizia.

Na angalia simu. Karibu na mto inaweza kudaka mtandao wa Msumbiji, na salio likaondoka bila kuaga.

Nivae nini, nibebe nini?

Vijiji hivi ni vya Waislamu wengi. Nguo ya kuogelea ni ya majini. Ukitoka, funga khanga, kitenge au msuli. Wakati wa Ramadhani usile na kuvuta sigara barazani mwa watu mchana.

Beba maji mengi kuliko unavyodhani, kofia, fedha taslimu ndogondogo, na viatu vyenye soli ngumu vinavyoruhusiwa kulowa. Viatu hivi si hiari. Kwenye mwamba kuna viumbe vya duara vyenye miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni, na kuna taa, samaki bapa wenye mwiba mkiani, wanaojifukia mchangani. Kwenye mchanga wenye maji buruta miguu badala ya kuiinua, taa akisikia mtikisiko ataondoka mwenyewe.

Nikichomwa je?

Mwiba wa taa au wa samaki-jiwe: tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, si ya kuunguza, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu. Joto hupunguza makali ya sumu. Kisha nenda kituo cha afya, hata maumivu yakipoa, kwa sababu kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani. Usikate, usinyonye, usikojolee.

Kuogelea Ruvula ni salama kwa watoto?

Panapendeza kuliko palivyo salama. Kina huanza karibu sana na ufukwe, hatua chache na huna tena pa kukanyaga, na maji yanapopwa siku za bamvua mkondo wa mlangoni hubeba hata mtu mzima anayejua kuogelea. Waogelee maji yanaposimama, yaani muda mfupi baada ya kujaa kabisa au kupwa kabisa, mtu mzima akiwa nao majini na si juu ya mkeka. Wadogo zaidi wabaki kwenye vidimbwi vya mwambani, ambavyo kwao ni bahari ya kutosha.

Nitakula nini?

Agiza asubuhi ukipita, usisubiri njaa. Ukikubaliana na mama mmoja pale kijijini atakupikia wali wa nazi na samaki au pweza wa siku hiyo. Ukibahatika ukakuta ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kumenywa mkononi, kula; mtu wa Mtwara akiwa Dar hiyo ndiyo anayoikumbuka. Madafu hayakosekani. Korosho nunua kijijini, na usimpunguzie bei mwenye kikapu kimoja.

Uraka, yaani pombe ya mabibo, utaiona msimu ukifika. Aliye na safari ya boti aiache.

Naweza kuokota makombe na matumbawe ya ukumbusho?

Hairuhusiwi, hata lililokufa. Kombe tupu ni nyumba ya kaa anayesubiri, na jiwe la tumbawe lililovunjika ndipo tumbawe changa hushika. Ukiletewa gamba la ng'amba au mayai ya kasa, kataa kununua. Samaki na pweza nunua kwa uhuru, ila pweza mdogo wa kiganja mwache. Angebaki miezi michache tu angekuwa na uzito wa maana.

Wazee wanamtaja Mzungu aliyejiita Sultani wa Msimbati. Ni hadithi?

Ni kweli. Mwingereza Latham Leslie-Moore aliishi ufukweni hapo na akajitangazia usultani wake. Serikali baada ya uhuru ikamwondoa. Mzee yeyote wa Msimbati atakuongezea chumvi kwa kikombe cha chai, na chumvi hiyo ndiyo tamu.

Siku yangu imeangukia maji mabaya au upepo mkali. Nifanye nini?

Usilazimishe. Nenda Mikindani, dakika chache kutoka mjini kwa bajaji au daladala. Kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895, milango ya kale ya mbao, na ghuba iliyofunikwa vizuri dhidi ya kusi. Au vuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu, uogelee, urudi jioni. Msimbati panga upya ukiangalia mwandamo unaofuata.

Naweza kurusha droni?

Bila kibali cha maandishi, usiitoe hata kwenye begi. Mpaka na mitambo ya gesi viko karibu, na mazungumzo yatakayofuata yatakula siku yako nzima.

Turudi saa ngapi?

Uwe umetoka Msimbati saa kumi jioni, saa kumi na nusu mwisho. Jua letu linazama mapema kidogo kuliko la Dodoma au Mwanza, njia ina watembea kwa miguu, mbuzi na baiskeli zisizo na taa, na dereva aliyeshinda juani amechoka kuliko anavyokiri.